Wafugaji wa mbwa wa mbegu Dodoma: tuanze kumheshimu anayesema ukweli wa mbwa wake

Mkazi wa Ilazo (mleta uzi)

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za kwenu. Ndugu zangu wa Chamwino na Mpwapwa, mbukwenyi. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie, maana jambo hili nimekaa nalo tangu Julai na sijapata wa kumwambia akanielewa.

Nina mbwa wawili aina ya German Shepherd. Wa kwanza nilimnunua nje ya mkoa huu kwa laki sita, nikapewa na karatasi ya nasaba yenye mihuri. Mtoto mzuri, masikio yamesimama mapema, mgongo umeteremka nyuma kama wale wa kwenye picha. Alipofikisha miezi tisa ikaingia baridi yetu ya Juni, na ule upepo wa asubuhi mnaoujua. Nikaanza kuona akiamka anajivuta. Anatanguliza miguu ya mbele, kiuno kinabaki chini, halafu ananyanyuka kwa shida. Akikimbia, miguu ya nyuma inaruka pamoja kama ya sungura. Daktari alimlaza ubavu, akashika paja na kulizungusha taratibu, mbwa akalia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nyonga.

Nikampigia muuzaji. Siku ya kwanza alisema nimemlisha vibaya. Siku ya pili alisema mbwa wake wote ni wazima. Siku ya tatu simu yangu haikupita tena.

Mbwa wa pili nilimpata kwa mzee mmoja wa Miyuji, mstaafu, anafuga kimyakimya, hana hata picha mtandaoni. Julai hii akanipigia mwenyewe saa moja asubuhi. Nikadhani kuna msiba. Akasema: "Kijana wangu, yule dume nimempeleka Morogoro akapigwa eksirei. Nyonga ya kushoto si nzuri. Mtoto wako ni wa kwake. Usimpandishe mpaka umpime, na usimwache anenepe."

Wakuu, mzee yule aliwapigia watu wanane, wote waliochukua watoto wa dume lile. Mmoja alikuwa amehamia Tabora, akamtafuta kupitia shemeji yake. Kisha akamhasi dume ambalo watu walikuwa wanapanga foleni kulipandisha. Nilipomuuliza imekuwaje akaamua kupoteza fedha yote ile, alinijibu kwamba tangu aione ile picha ya eksirei alikuwa halali vizuri. Basi, hakuongeza neno.

Sasa ndiyo hoja yangu. Hapa kwetu anayetajwa na kusifiwa ni nani? Ni mwenye dume lenye kichwa kikubwa, na mwenye video ya mbwa anayeruka ukuta wa futi saba. Huyu mzee hakuna anayemjua. Nataka tumpe heshima, na tuweke utaratibu wa kuwaheshimu wengine wa aina yake, mtu mmojammoja au kikundi.

Jambo hili si geni. Marekani kuna taasisi inaitwa AKC Canine Health Foundation, ilianzishwa mwaka 1995, kazi yake ni kugharimia utafiti wa magonjwa ya mbwa. Wanatoa tuzo. Moja ina jina la daktari wa mifugo Asa Mays, inakwenda kwa mtafiti. Nyingine wanaiita Tuzo ya Rais. Zote zinatolewa kwa kazi ya afya. Urembo wa mbwa una maonyesho yake na vikombe vyake, humu hauhesabiwi.

Naomba michango yenu.

Mama Mabanda, Kisasa

Mleta uzi nakuheshimu, na pole kwa mbwa wako. Lakini niseme kama mtu ambaye anakula kwa kazi hii.

Nina majike matatu. Watoto wao ndio wamemlipia mwanangu ada mpaka kidato cha nne. Nikisimama hadharani nikasema jike langu limezaa mtoto mwenye kasoro, kesho nani atapiga hodi kwangu? Jirani ana kasoro ileile, yeye akinyamaza atauza wote sita kwa wiki moja. Kwa hiyo mnachotaka ni mkweli afunge banda, na mnyamavu apanue lake. Huyo mzee ana pensheni. Mimi sina.

Sipingi heshima. Nauliza tu, heshima hiyo inamlinda vipi anayesema?

Mkazi wa Ilazo

Mama, swali lako ndilo lililonikosesha usingizi mimi nami. Sina jibu lote, ila nina kipande.

Mwaka 1966 tajiri mmoja wa Marekani, John M. Olin, alianzisha taasisi ya kukagua eksirei za nyonga za mbwa. Leo inaitwa OFA. Alikuwa mpenzi wa Labrador wa kuwindia, na mbwa wake walikuwa wanalemaa nyonga mmoja baada ya mwingine ilhali wazazi wao walionekana wazima. Miaka mingi daftari la OFA lilikuwa na shida ileile unayoisema: watu walileta majibu mazuri yatangazwe, mabaya wakayakalia.

Mwaka 2001 OFA na ile taasisi niliyoitaja juu wakaanzisha mpango unaoitwa CHIC. Kila klabu ya aina fulani ya mbwa inataja vipimo ambavyo mbwa wake lazima afanyiwe: nyonga, macho, moyo, kutegemea ugonjwa wa ukoo ule. Mbwa akishapimwa vyote, na mwenyewe akakubali majibu yawekwe wazi, anapewa namba. Hapa nilisoma mara mbili kuhakikisha: namba inatolewa *hata kama majibu ni mabaya*. Haisemi mbwa ni mzima. Inasema amepimwa na mwenyewe hakuficha.

Mimi naona hapo ndipo penye dawa. Tukimpa heshima mwenye mbwa mzima tu, tunampa mtu zawadi kwa bahati yake, na tunamfundisha mwenye bahati mbaya kuficha. Tukimpa aliyepima na kusema, basi mnunuzi akija Dodoma atauliza, "Wewe uko kwenye daftari?" Hapo mnyamavu ndiye atakayeanza kutiliwa shaka. Haiwezi kutokea kwa wiki moja, nakubali.

Daktari wa Kizota

Nimesoma yote. Mimi ni daktari wa mifugo, kazi yangu kubwa ni ng'ombe na kuku, lakini mbwa wamekuwa wengi tangu serikali ihamie hapa na watu wajenge Iyumbu, Nzuguni na Ihumwa. Kila nyumba mpya inataka mlinzi.

Kuhusu nyonga. Mtoto wa mbwa huzaliwa na nyonga za kawaida. Tatizo huja akikua: kichwa cha mfupa wa paja hakikai sawasawa ndani ya kikombe chake, kinacheza, na kila kikicheza kinalika. Ugonjwa huu ulielezwa kwa mbwa mwaka 1935 na daktari G. B. Schnelle wa Boston. Jeni zinazohusika ni nyingi, hakuna jeni moja ya kulaumu. Ndiyo maana wazazi wawili wazuri wanaweza kutoa mtoto mbaya, na ndiyo maana eksirei ya dume peke yake haitoshi. Inabidi ujue ndugu zake, shangazi zake, watoto wake wa uzao uliopita. Yule mzee alipowapigia watu wanane alikuwa anafanya hasa kile ambacho sayansi inataka, sijui kama anajua hivyo.

Wajerumani wenyewe, klabu ya German Shepherd iitwayo SV iliyoanzishwa mwaka 1899, walianza kuweka muhuri wa nyonga kwenye karatasi za mbwa mwaka huohuo wa 1966. Kwa hiyo mtu akikuonyesha karatasi ya nasaba yenye mihuri, muulize kama upo muhuri wa nyonga. Nasaba ni orodha ya majina, haikwambii nani alikuwa anachechemea.

Na chakula. Hapa nawaomba sana. Kulifanyika utafiti Marekani kwa Labrador 48, matokeo yakatoka mwaka 2002. Waliwapanga wawiliwawili kutoka uzao mmoja, mmoja akala chakula pungufu kwa asilimia 25 kuliko mwenzake, maisha yake yote. Waliokula kidogo waliishi karibu miaka miwili zaidi, na viungo vyao vilichelewa sana kuharibika. Hapa kwetu mtoto wa mbwa mnene ndiye anayesifiwa. Unakuta mbwa wa miezi mitano amelishwa ugali na utumbo mpaka tumbo linagusa chini, mwenyewe anajivunia. Mbwa wa mbegu kubwa akiwa mdogo awe mwembamba kiasi cha kuzihisi mbavu ukimpapasa.

Jambo la mwisho, halimo kwenye hoja lakini linaua. Ivamektini. Watu wananunua chupa ya ng'ombe dukani wanawachoma mbwa kwa ajili ya ukurutu na kupe, kipimo kwa macho. Mwaka 2001 Katrina Mealey na wenzake wa chuo kikuu cha Washington State waligundua kwamba Collie wengi wana hitilafu kwenye jeni iitwayo MDR1, ile inayozuia dawa kuingia kwenye ubongo. Mbwa mwenye hitilafu hiyo akichomwa ivamektini nyingi anayumba, anadondosha mate, anapoteza fahamu. Australian Shepherd wanayo pia, na baadhi ya German Shepherd. Ugunduzi kama huo umeokoa mbwa wengi.

Mfugaji wa Chamwino

Mbukwenyi wakuu. Mimi sina mbwa wa laki sita. Nina mbwa wanne wa kienyeji wanaochunga mbuzi na mimi. Hawajawahi kuugua nyonga, wanakula makombo, na hata fisi wanamfukuza. Nauliza kwa nia njema kabisa: kwa nini tuhangaike na aina hizi zenye magonjwa, halafu tupeane na tuzo za kuyatibu, wakati tunao mbwa ambao jua la hapa limekwisha kuwachuja?

Mwalimu, Nkuhungu

Ndugu wa Chamwino, swali zuri, na jibu lake linapita karibu na nyumbani kuliko unavyofikiri.

Kuna mbwa wa mbegu anaitwa Basenji. Masikio wima, mkia umejikunja juu ya mgongo, habweki kama mbwa wengine. Ametoka misitu ya Kongo, mbwa wa wawindaji wa vijijini. Jina lenyewe ni la huko, na ni ndugu wa neno letu *washenzi*. Fikirini hilo. Mbwa tuliyemwita mshenzi, wenzetu walimchukua miaka ya 1930, wakamwandikia nasaba, wakamfanya mbwa wa maonyesho.

Kosa lilikuwa kwamba walichukua wachache mno. Ukoo mzima wa Ulaya na Marekani ukajengwa juu ya mbwa wa kuhesabika, ndugu wakapandishwa na ndugu. Ugonjwa ukajitokeza, unaitwa Fanconi: figo zinavujisha sukari na vitu vingine vya mwilini kwenye mkojo. Ubaya wake ni kwamba mbwa huanza kuugua akiwa mtu mzima, wengi wakiwa na miaka minne na kuendelea, na kufikia hapo ameshazaa.

Tazameni watu walivyohangaika. Wenye mbwa walifundishana kupima mkojo nyumbani kwa vile vipande vya kupima sukari. Daktari mmoja, Steve Gonto, akaandika utaratibu wa kuwatunza wagonjwa, wakaishi. Mwaka 1987 na 1988 wafugaji wa Marekani walifunga safari mpaka Zaire, wakaingia vijijini kutafuta mbwa wapya wa kuongeza damu, na mwaka 1990 AKC, chama cha Marekani kinachoandikisha mbwa wa mbegu, ikafungua kitabu cha nasaba kilichokuwa kimefungwa ili mbwa hao wa kijijini waandikwe. Kisha watu wakatuma sampuli za damu za mbwa wao, wagonjwa kwa wazima, kwenye maabara ya Gary Johnson, chuo kikuu cha Missouri. Mwaka 2007 kikapatikana kipimo cha vinasaba cha kukisia, na 2011 kipimo cha uhakika. Leo mfugaji wa Basenji anajua kabla ya kupandisha.

Kwa hiyo ndugu yangu, mbwa wako wa kuchunga mbuzi ni hazina. Kinachomfanya imara ni wingi na mchanganyiko wa damu. Siku mtu akichagua wanne kati yao, akawafungia na kuwapandisha wao kwa wao miaka hamsini, nao wataugua. Ugonjwa unaletwa na namna tunavyowazalisha, haujali kama mbwa ni wa Mzungu au wa Mgogo.

Kijana wa Mpwapwa

Nikazie hapo kwa Mwalimu. Sisi wa Mpwapwa hili tunalo mlangoni. Kituo cha utafiti wa mifugo pale kipo tangu enzi za Mjerumani, na ng'ombe aina ya Mpwapwa walitengenezwa pale: Red Sindhi na Sahiwal wa bara Hindi, zebu wetu, na Boran. Walitafuta ng'ombe wa maziwa na nyama anayestahimili ukame wa kwetu. Babu yangu alikuwa kibarua pale. Anasema kazi kubwa ilikuwa kuandika. Maziwa yanapimwa, yanaandikwa. Ndama amekufa, anaandikwa. Dume limetoa ndama dhaifu, linaandikwa na linaondolewa.

Leo ng'ombe wa aina ile safi ni wachache, na walioandika vile vitabu hakuna anayewataja. Naunga mkono hoja kwa sababu hiyo tu.

Dada wa Singida

Naunga mkono, kwa sharti moja. Mtu asiyechanja kichaa cha mbwa asiingie kwenye heshima yoyote, hata mbwa wake awe na nyonga za chuma. Mtoto wa shangazi yangu aling'atwa, tulihangaika kutafuta sindano kituo hadi kituo. Wataalamu wanasema asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa, kichaa kinakatika. Na msisahau mwaka 1994 distempa, ugonjwa wa virusi wa mbwa, iliyoua karibu theluthi ya simba wa Serengeti, mbwa wa vijijini wakahusishwa. Afya ya mbwa wako inavuka ukuta wako.

Mama Mabanda, Kisasa

Dada wa Singida uko sahihi, wangu wote wana kadi.

Mwalimu, ile habari ya Basenji imenigusa. Ila wale walikuwa na klabu, maabara, fedha. Na je, klabu yenyewe ikikataa kusikia? Maana hapa kwetu hata kwenye kundi letu la simu, mtu akiuliza swali la ugonjwa wanamwambia anaharibu soko.

Mwalimu, Nkuhungu

Mama, klabu hukataa. Nikupe kisa cha Dalmatian, yule mweupe wa madoa.

Mbwa wengine hubadilisha asidi ya yuriki kuwa kitu kinachoyeyuka kwa urahisi, kisha wanakikojoa. Dalmatian hafanyi hivyo. Asidi inabaki nyingi kwenye mkojo, inatengeneza mawe, na dume akizibwa na jiwe asipopata msaada anakufa kwa maumivu makali. Tatizo kubwa zaidi: Dalmatian *wote* walikuwa na hitilafu hiyo. Hakukuwa na mzima wa kumchagua ndani ya ukoo.

Mwaka 1973 mtaalamu wa jenetiki, Robert Schaible, akampandisha Dalmatian na Pointer mmoja. Mara moja tu. Watoto akawarudisha kwa Dalmatian, na wajukuu hivyohivyo, kila kizazi akichagua wale wenye mkojo salama. Mwaka 1981 AKC ikawaandikisha wawili wa uzao ule. Wanachama wa klabu ya Dalmatian wakapinga: damu imechafuliwa. Milango ikafungwa.

Yule bwana hakuacha. Aliendelea kuzalisha mbwa ambao kitabu hakiwatambui, kizazi baada ya kizazi, na watu wachache wakamuunga mkono. Mwaka 2008 Danika Bannasch na wenzake wa chuo kikuu cha California pale Davis wakaionyesha jeni yenyewe, SLC2A9, na kipimo kikapatikana. Uingereza wakamwandikisha wa kwanza 2010. Marekani 2011. Tangu 1973 mpaka 2011 ni miaka 38. Damu ya yule Pointer ilikuwa imebaki chembe, madoa ni yaleyale, na mbwa anakojoa bila kulia.

Ningekuwa na tuzo moja tu ya kutoa maishani ningempa mtu kama huyo, na ningempa mapema, mwaka ule wa 1981 alipofungiwa mlango. Ndiyo maana nauunga mkono uzi huu. Yule mzee wa Miyuji apewe yake akiwa hai na dume lake likiwa bado linahema pale uani.

Daktari wa Kizota

Naongeza kimoja kwa wenye Rhodesian Ridgeback, nawajua wawili hapa mjini. Ile mistari ya manyoya yaliyogeuka mgongoni ndiyo sifa yao tangu waandikiwe vigezo Bulawayo mwaka 1922. Mtoto akizaliwa bila mstari, wafugaji wengi walikuwa wanamuua. Utafiti wa mwaka 2007 ukaonyesha kwamba jeni inayoleta mstari ndiyo inayoongeza hatari ya tundu la ngozi linaloshuka kuelekea uti wa mgongo, hasa mtoto akirithi kwa wazazi wote wawili. Yaani waliokuwa wakiuawa hawakuwa na kosa lolote mwilini. Nimeshuhudia upasuaji wa tundu lile mara moja. Sitaki kuueleza.

Na kwa anayedhani haya ni mambo ya mbwa tu: kulikuwa na mbwa mwenye damu ya Briard, Lancelot, alizaliwa kipofu kwa hitilafu ya jeni RPE65. Mwaka 2001 watafiti wakatangaza kwamba yeye na wenzake wawili walitibiwa kwa kuwekewa jeni nzima jichoni, wakaona. Desemba 2017 Marekani ikaidhinisha tiba ya namna hiyo kwa binadamu wenye upofu wa jeni hiyohiyo. Kuna watoto wanaoona leo kwa sababu upofu wa mbwa wale ulichunguzwa, haukufichwa.

Mfugaji wa Chamwino

Nimeelewa. Mbwa wangu nitawaleta kwenye chanjo tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa. Na daftari mkilianzisha, andikeni na wa kienyeji.

Mkazi wa Ilazo

Tutaandika, mkuu. Bila wao daftari halijakamilika.

Basi nipendekeze, mnikosoe. Tununue daftari moja kubwa la jalada gumu, likae kwa Daktari. Kila mbwa ukurasa wake: jina, baba, mama, tarehe ya kuzaliwa, chanjo, ugonjwa wowote uliowahi kumpata, alikufa lini na kwa nini. Vipimo vya vinasaba ni ghali, vinatumwa nje, tusivitaje kwanza. Macho ya daktari na mikono yake vinatosha kuanza, na eksirei kwa atakayeweza. Tukiwa sita au saba tunakodi Noah moja mpaka Morogoro, gharama inagawanyika.

Heshima itolewe mara moja kwa mwaka. Mimi natoa mbuzi. Mzee wa Miyuji awe wa kwanza, na tusimwambie sababu mpaka afike, maana akijua hatakuja. Apewe kitu cha mkononi. Nimefikiria mkanda wa shingoni wa ngozi kwa lile dume lake, fundi wa viatu pale Majengo ameshanikubalia kuushona, uchongwe jina la mbwa na mwaka. Dume aliyehasiwa avae mkanda wa heshima. Nataka watu wakimuona waulize kwa nini.

Dada wa Singida

Na mke wa mzee apewe kitenge. Yeye ndiye aliyekubali fedha ile ipite.

Mkazi wa Ilazo

Sikuwaza hilo, dada. Ahsante. Kitenge kitakuwepo.

Mama Mabanda, Kisasa

Nimekaa na simu mkononi tangu magharibi. Nimefuta mara tatu.

Jike langu kubwa, Rottweiler, ana miaka mitano. Amezaa mara tatu. Uzao wa pili, madume wawili kati ya wanne walikuwa na korodani moja tu imeshuka. Niliwauza kwa bei ya kawaida nikawaambia wenyewe kwamba itashuka baadaye. Haikushuka. Uzao wa tatu nilimrudia dume yuleyule kwa sababu alikuwa karibu na bei nafuu, na mmoja tena akatoka hivyo. Daktari, najua utaniambia korodani iliyobaki tumboni inaweza kuota saratani. Nilishaambiwa. Nilinyamaza.

Nina namba za simu za wanunuzi wote watatu. Kesho baada ya sala nitawapigia. Nikimaliza nitaleta kadi za jike kwa Daktari, ukurasa wake uandikwe kama nilivyosema hapa, usipunguzwe.

Daktari wa Kizota

Mama, nimekusoma. Hao watatu walete kwangu wakiwa tayari, nitawahasi na kuitoa ile iliyobaki ndani. Gharama ya kazi yangu sitaki, mtalipa dawa tu.

Mkazi wa Ilazo

Mama Mabanda, nimesimama nikasoma. Ukurasa wa kwanza ni wa mzee, wa pili ni wa jike lako.

Swali moja la daftari: dume aliyepanda mara zote mbili ni wa nani? Tafadhali usimtaje hapa. Muulize kwanza mwenyewe.

Mama Mabanda, Kisasa

Nimetoka kwake sasa hivi, ni nyumba ya nne kutoka kwangu. Alikaa kimya kidogo. Kisha akaniuliza kama daftari linaandikwa kwa kalamu au kwa penseli. Nikamwambia kalamu. Akasema aandikwe, na Jumamosi anakuja na dume mwenyewe.